Lisbon hadi Madrid: kwenda kwa reli, kurudi kwa ndege

Kutoka uwanja wa ndege wa Lisbon hadi ule wa Madrid, ukipima mstari ulionyooka, ni kama kilomita 513. Kwa ratiba, ndege hutumia saa moja na robo, au dakika kumi zaidi. Kwa barabara ni kilomita 630 hivi, na basi hutumia saa nane, pengine tisa. Kwa reli, nilipoanza kupanga safari hii ya Mei 2025, nilikuta hakuna treni hata moja inayotoka mji mkuu wa Ureno ikaingia mji mkuu wa Hispania bila abiria kushuka na kubadilisha njiani. Sisi tuliozoea treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, masafa yasiyopishana sana na hayo, ambayo tangu 2024 yanaisha kwa saa tatu na nusu hivi, habari hiyo inashtua. Nchi hizi ni jirani, ziliingia Jumuiya ya Ulaya siku moja mwaka 1986, na mpakani hakuna geti.

Nilikuwa Lisbon kwa mafunzo ya kazi za bandari. Dada yangu anaishi Madrid, na tiketi yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa inaanzia Lisbon, kwa hiyo ilinibidi niende na nirudi. Niliamua kwenda kwa reli, nikilala njiani, kisha nirudi kwa ndege, ili nijue ile saa moja na robo inahesabu nini na inaacha nini. Haya nimeyapanga nyumbani Tanga kutoka kwenye daftari, risiti na picha za simu. Saa nimeziandika kwa hesabu yetu ya Kiswahili, isipokuwa zile zilizochapishwa kwenye tiketi.

Jumanne 20 Mei: Lisbon, siku ya tiketi

Asubuhi nililinganisha bei. Ndege za wiki ile zilikuwa kati ya euro 48 na euro 140, kutegemea saa, na bei za chini zilikuwa hazina begi. Basi la mchana lilikuwa euro 29. Kwa reli hakuna tiketi moja ya kukufikisha: unanunua ya Wareno hadi Badajoz, mji wa kwanza upande wa Hispania, halafu unanunua ya Wahispania kutoka hapo hadi Madrid. Zote mbili zilinigharimu euro 60 kasoro senti. Euro moja nilikuwa nimeinunua kwa karibu shilingi 3,000, kwa hiyo weka kama laki moja na elfu themanini. Maana yake reli ilikuwa ghali kuliko basi, na siku nyingine ingekuwa ghali kuliko ndege pia. Anayesafiri kwa kubana matumizi ajue hilo mapema.

Mchana nilikwenda Rua do Benformoso, mtaa ulio nyuma ya uwanja wa Martim Moniz. Hapo ndipo penye maduka na mikahawa ya Wabangladeshi, na nyama ya halali inapatikana bila kuulizauliza. Biriani ya kuku na soda ilikuwa euro 8. Dukani nilikuwa nikizungumza na simu kwa Kiswahili, nikamsikia mama mmoja nyuma yangu akiitikia salamu ambayo hakuambiwa yeye. Anatoka Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kwao wanazungumza Kimwani, na Kiswahili anakielewa tangu utotoni kwa sababu ya jamaa zake walioko Mtwara. Ameishi Lisbon miaka mingi na hupika sambusa za kuuza, ambazo Wareno nao wanazila kila mahali kwa jina la chamuças.

Nilipomwambia ninakwenda Madrid kwa kupitia Badajoz, alitikisa kichwa.

"Mwanangu, utashuka pale saa ya njaa. Majiko yao yanafungwa alasiri yote mpaka usiku. Ngoja."

Alirudi na mfuko wa karatasi wenye sambusa za samaki, bado za moto. Nikatoa pesa, akaukunja mkono wangu. "Ukifika kwenu salama, niombee dua. Watu wetu Cabo Delgado wanateseka." Sina neno la kuongeza juu ya hilo, ila dua nimeomba, na anayesoma naye aombe.

Kwa watakaofuata: kwenye viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, kuvuka kutoka Ureno kwenda Hispania hakuhesabiwi kuwa ni kutoka. Hata mwenye viza ya kuingia mara moja anavuka. Lakini pasipoti iwe mfukoni, kwa maana polisi wanaweza kupanda treni au basi karibu na mpaka na kukagua.

Jumatano 21 Mei: Lisbon – Entroncamento – Badajoz

Stesheni ya Santa Apolónia iko ukingoni mwa mto Tejo na imekuwapo tangu 1865. Nilifika mapema, nikanywa kahawa ya senti 90, na saa mbili ilipopita kidogo tukaondoka. Kituo kinachofuata ni Oriente, kisha upande wa kulia likatokea daraja la Vasco da Gama, refu kiasi cha kilomita 17 pamoja na njia zake za kupandia, lililofunguliwa 1998, miaka 500 tangu mwenye jina hilo atie nanga Mombasa na Malindi. Nililitazama mpaka likapotea. Ushauri wangu ni mmoja kwa sehemu hii ya kwanza ya safari: kaa dirisha la kulia. Mto uko upande huo.

Hadi Entroncamento ni kama kilomita 106, na treni ni nzuri na ina kasi. Huo ni mji uliozaliwa na reli; una makumbusho ya taifa ya treni karibu kabisa na stesheni, na mwenye saa mbili za kupoteza asiyapite. Mimi sikuwa nazo. Nilivuka kwenda jukwaa la pembeni, ambako treni ya kwenda mpakani ilikuwa ikinguruma, ya dizeli, fupi, isiyo na mgahawa wala duka. Abiria tulikuwa wachache: bibi wawili na vikapu vyao, msichana mwenye mtoto mchanga, vijana wenye baiskeli, na mzee mmoja aliyevaa koti la suti katika joto lile.

Muda mfupi baada ya kuondoka, mzee akanigusa bega na kunionyesha dirishani. Katikati ya mto kulikuwa na kisiwa kidogo cha mawe, na juu yake ngome nzima yenye minara, Almourol, iliyojengwa upya mwaka 1171 na mashujaa wa Hekalu (Templars), jeshi la kidini la Wakristo wa zama zile. Ilionekana kwa dakika moja au mbili, nikapata picha tatu, na moja kati yake haina nguzo ya umeme.

Kuanzia hapo mazungumzo yakaanza, kwa Kiingereza chake na changu. Alifanya kazi ya reli Beira, Msumbiji, akiwa kijana, na Kiingereza alijifunza kwa abiria waliokuwa wakishuka kutoka Rhodesia. Nilipomwambia natoka Tanga, alijua kwamba Wajerumani walianza reli yao pale. Nikamwambia ndiyo, mwaka 1893. Akataka kujua kama treni inafika mpaka leo. Watu wa reli, nimegundua, huulizana habari za stesheni kama wengine wanavyoulizana habari za watoto.

Yeye ndiye aliyenisimulia vizuri habari za Lusitania, treni ya usiku ya Lisbon na Madrid. Ilianza 1943. Unapanda Lisbon jioni, unakula, unalala, unaamka Madrid. Machi 2020, kwa sababu ya korona, ilisimamishwa, na mipaka ilipofunguliwa tena treni haikurudi. "Ndege zilirudi, mabasi yakarudi," alisema, "sisi hatukurudi." Alisema "sisi" ingawa amestaafu siku nyingi. Nilimwona kwamba jambo hili linamuuma kweli, na mimi pia liliniingia. Treni ya usiku ilikuwa inamfaa mtu asiye na haraka ya kutua, mwenye mizigo, mwenye wazazi wazee, asiyependa ndege. Leo hii huyo anaambiwa achague basi la mwendo wa saa nane au mchana mzima wa kubadilisha treni.

Baada ya Abrantes reli inaacha njia ya mto na kuingia nchi ya mialoni. Hii ni mialoni ya vizibo: gome lake huchunwa, likatengenezwa vizibo vya chupa, na Ureno peke yake hutoa karibu nusu ya gome hilo duniani. Miti iliyochunwa ina shina la rangi ya udongo mwekundu kuanzia chini hadi kwenye panda, na juu yake imepakwa tarakimu moja nyeupe. Mzee alinifafanulia: tarakimu ile ni ya mwisho ya mwaka mti ulipochunwa. Mti wenye 4 ulichunwa 2024, na kwa sheria hauruhusiwi kuguswa tena mpaka ipite miaka 9. Mti mchanga nao husubiri kama miaka 25 kabla ya kuchunwa mara ya kwanza, na gome la kufaa chupa hupatikana kwenye mchuno wa tatu. Kwa hiyo anayepanda leo anawapandia wajukuu. Nilikaa nikisoma tarakimu dirishani, 1, 7, 4, 4, 0, kwa muda mrefu sana, na ikiwa kuna jambo moja ambalo ndege haiwezi kukupa kati ya Lisbon na Madrid ni hili.

Ponte de Sor, Crato, vituo vyenye vigae vya buluu ukutani na mlango uliofungwa. Mzee alifungua mkate na jibini, akanikatia nusu bila kuniuliza. Mimi nikatoa sambusa. Aliikubali, akasema inafanana na ya Beira. Alishuka Portalegre, ambapo stesheni iko zaidi ya kilomita kumi kutoka mjini. Mpwa wake alikuwa akimsubiri na gari. Anayetaka kushuka hapo apange usafiri kabla.

Kati ya Portalegre na Elvas tulisimama porini kwa kitambo, pasipo tangazo. Msichana mwenye mtoto alikuwa na treni ya kuunganisha Badajoz na akaanza kuhangaika. Kondakta akatoa simu yake mwenyewe, akapiga stesheni ya mbele, akazungumza, kisha akamwambia atulie, watamsubiri. Halafu akamshikia mtoto ili mama anywe maji. Tulipofika, kweli treni ya pili ilikuwa bado imesimama.

Elvas inaonekana juu ya kilima na ngome zake, zilizowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2012. Karibu na hapo ndipo inapopita reli mpya iliyokuwa ikijengwa kutoka Évora hadi mpakani, iliyokusudiwa treni za kilomita 250 kwa saa. Ureno, Hispania na Moroko zitaandaa Kombe la Dunia la 2030, na kila niliyemtajia reli hii alinitajia mwaka huo.

Mpaka wenyewe ni kijito cha Caia. Hakuna aliyetukagua. Simu yangu tu ndiyo iliyojua, ikaruka saa moja mbele.

Hapa nisimame kidogo kwenye hii saa, kwani ndiyo inayowachanganya watu wakisoma tiketi. Ureno iko saa moja nyuma ya Hispania mwaka mzima. Ukiangalia ramani, Hispania ilipaswa kufuata saa za Lisbon na London, lakini mwaka 1940 serikali ya Franco ilisogeza saa zifanane na za Berlin, na hazijarudishwa. Matokeo yake utayaona Badajoz: mwishoni mwa Mei jua halifiki utosini mpaka saa nane na dakika 25 mchana, na halizami mpaka saa tatu na dakika 40 usiku. Mwenye kuswali asitumie mazoea ya nyumbani. Adhuhuri inaingia wakati sisi tumeshamaliza kula, Magharibi watu wanapoanza kuagiza chakula cha usiku, na Isha inakaribia saa sita.

Mama wa Mocímboa alisema kweli. Nilifika na joto la nyuzi 33, nikavuka mto Guadiana kwa miguu juu ya daraja la mawe la Palmas, ambako kutoka stesheni ni kama dakika 20, na kila jiko nililopita lilikuwa limefungwa. Sambusa nne zilizobaki nilizila kwenye benchi chini ya mti.

Chumba kilikuwa euro 38, safi, chenye feni. Jioni nikapanda Alcazaba, ngome ya Waislamu iliyo juu ya mji. Badajoz iliasisiwa mwaka 875 na Ibn Marwan, ikawa baadaye makao ya ufalme wake wenyewe enzi za Andalusia ya Waislamu. Kuta zilizosimama leo nyingi ni za Wamuwahidina (Almohad), watawala Waislamu waliotoka Moroko, karne ya 12. Kuingia ni bure. Nilizunguka juu ya ukuta jua likishuka upande wa Ureno, korongo wakirudi kwenye viota vyao minarani, na nikaswali Magharibi kwenye nyasi ndani ya ngome ile. Mtu na mkewe waliokuwa wakipita na mbwa walimsogeza mbwa mbali na kunisubiri nimalize, kisha wakaniuliza kama nimeona bustani iliyoko upande wa pili. Walinipeleka wenyewe.

Chakula: nguruwe yumo katika vyakula vingi vya mkoa huu wa Extremadura, hata migas, yaani mkate uliokaangwa kwa kitunguu saumu, mara nyingi huwa na vipande vyake. Uliza kila mara. Nilikula tortilla ya viazi na mayai, saladi ya nyanya na maji, euro 9.

Alhamisi 22 Mei: Badajoz – Madrid

Hii ni siku ya kukaa tu. Saa nne na nusu hivi ndani ya treni nzuri yenye kiyoyozi na mgahawa. Mérida utaona nguzo ndefu za mfereji wa maji wa Warumi karibu na reli, na ukipata siku ya ziada ilale pale badala ya Badajoz, kwa ajili ya jumba la maigizo na daraja walilojenga. Baada ya Cáceres treni inakimbia kweli, kwenye sehemu mpya iliyofunguliwa Julai 2022, na inavuka bonde la mto Almonte juu ya upinde mmoja wa zege wenye urefu wa mita 384 kutoka mguu hadi mguu. Ukiwa ndani huuoni upinde. Unaona maji tu, mbali sana chini. Kisha reli ya zamani inarudi na kasi inashuka mpaka Talavera na kuendelea.

Abiria walikuwa bado wakizungumzia tarehe 28 Aprili, siku umeme ulipokatika Hispania na Ureno bara karibu nzima. Treni zilisimama zilipokuwa, na watu walilala stesheni. Mama aliyekaa mbele yangu aliniambia kwamba tangu siku ile hasafiri bila pesa taslimu, maji na redio ndogo. Mimi nilikuwa na euro 15 za noti, nikaongeza nilipofika.

Tuliingia Atocha. Ukumbi wa zamani wa stesheni hii ni bustani ya minazi na migomba chini ya paa la vioo, tangu 1992, na dada yangu alikuwa amesimama pale kwenye minazi.

"Karibu mdogo wangu. Umechoka?"

"Shikamoo dada. Sijachoka, nina njaa."

Ukijumlisha saa za ndani ya treni na za kusubiri, bila ule usiku wa Badajoz, Lisbon hadi Madrid kwa reli ni kama saa kumi. Inawezekana kuimaliza kwa siku moja, maana baadhi ya siku treni zinakutana, lakini zinazofika Badajoz kutoka Ureno ni chache mno. Ukikosa moja, umelala.

Ijumaa 23 hadi Jumapili 25 Mei: Madrid

Siku za familia, nazipita upesi. Dada anakaa Lavapiés, mtaa wa Wasenegali, Wabangladeshi na Wamoroko, ambako wali wa samaki wa Kisenegali, thieboudienne, ulikuwa euro 10 na unamtosha mtu wa kazi ngumu. Ijumaa tuliswali msikiti mkubwa ulio kando ya barabara ya M-30, uliofunguliwa 1992. Majira hayo swala huanza baada ya saa nane na dakika kumi mchana, si saa saba. Makumbusho ya Prado hayana kiingilio saa mbili za mwisho za jioni, kuanzia saa kumi na mbili Jumatatu hadi Jumamosi. Foleni ni ndefu ila inasogea.

Jumatatu 26 Mei: Madrid – Lisbon kwa ndege

Tiketi yangu ilisomeka hivi: kuondoka 16:00, kufika 16:20. Ukiitazama bila kujua habari za saa utadhani ni safari ya dakika 20. Kwenda upande wa pili ni kinyume chake, ratiba inaonyesha saa mbili na robo au zaidi. Ndege ni ile ile, masafa ni yale yale. Ndiyo maana mtu akitaka kujua muda wa kuruka asitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Aangalie muda wenyewe uliochapishwa, ambao kwenye njia hii ni saa moja na robo hadi saa moja na dakika 25. Na huo nao huhesabiwa tangu ndege inapoachia geti mpaka inapofika geti jingine. Hewani kwenyewe ni saa moja hivi, kwa sababu kilomita 513 ni fupi kwa ndege inayokwenda kilomita 800 kwa saa: inapanda, inanyooka kidogo, inaanza kushuka.

Sasa hesabu yangu ya mlango hadi mlango, kama ilivyo daftarini. Nilitoka Lavapiés saa saba mchana. Kwa miguu hadi Atocha, dakika 15. Basi la manjano la uwanja wa ndege linatoka hapo mchana (usiku wa manane huanzia uwanja wa Cibeles), euro 5, dakika 40 hivi. Ukipanda metro kumbuka kuna nyongeza ya euro 3 kwa kuingia au kutoka stesheni za uwanja wa ndege. Na kabla hujapanda chochote, angalia terminali yako: 1, 2 na 3 zimeshikana, lakini ya 4 iko mbali kabisa, na anayekosea inabidi asubiri basi la bure la kuwaunganisha.

Tiketi ilikuwa euro 54. Begi langu lilikuwa kubwa kuliko kipimo cha bure, nikalilipia euro 30 mtandaoni siku mbili kabla. Getini wangedai zaidi. Kwa hiyo ndege ilinigharimu euro 84, na nauli ya basi juu yake.

Ukaguzi ulikwenda haraka. Hakuna pasipoti ya kugongwa, ni kama safari ya ndani. Tukapanda kwa wakati, milango ikafungwa, kisha rubani akatangaza kwamba tunasubiri zamu ya kuruka. Tulisubiri kama dakika 45. Mhudumu akapita na maji kwa wazee na watoto. Kando yangu alikaa mama mzee wa Kihispania anayekwenda kumwona mjukuu, mara yake ya kwanza kupanda ndege peke yake. Alinishika mkono wakati wa kuruka na hakuuachia mpaka taa za mikanda zilipozimika. Sikujua Kihispania cha kutosha kumwambia chochote, nikamwonyesha picha za mialoni yenye tarakimu. Alizijua. Alinionyesha kwa vidole namna shoka linavyoingizwa kwenye gome bila kuuumiza mti. Nadhani alisema babake alikuwa akifanya kazi hiyo.

Nilijaribu kuitafuta reli niliyopita. Niliona Tajo, ambao ni mto Tejo ule ule kwa Kihispania, na mabwawa yake, kisha rangi ya kijani iliyofifia ya Alentejo, ile nchi ya mialoni, lakini kutoka kule juu stesheni ya Crato na uwanja wa mpira vinafanana. Tukashukia kusini, tukavuka mto juu ya Lisbon, daraja la Aprili 25 likiwa chini ya bawa la kushoto. Uwanja uko ndani ya mji kabisa, unaona nguo zilizoanikwa madirishani.

Nilifika kitandani Martim Moniz, kwa metro nyekundu kisha ya kijani, kwa nauli isiyofika euro 2, ukiongeza kadi ya senti 50, saa kumi na mbili jioni kwa saa za Lisbon, yaani saa moja ya Madrid. Jumla saa sita, na kati ya hizo moja tu ndiyo niliyokuwa angani.

Kwa hiyo anayeniuliza Lisbon na Madrid kuna umbali gani, namjibu kwa kumuuliza yeye kwanza. Una mkutano wa siku moja: panda ndege ya asubuhi bila begi, na uweke nusu siku. Una mizigo mingi na pesa kidogo: basi, ambalo Madrid linakushusha stendi ya Méndez Álvaro kwenye metro. Una siku mbili na unaipenda nchi: reli, na ulale Badajoz, Mérida au Elvas, ukiwa na chakula mkononi.

Jumatano niliondoka Lisbon kwenda nyumbani kupitia Istanbul. Sambusa nilizinunua tena kwa yule mama, safari hii alikubali pesa, nusu ya bei. Kama kuna msomaji aliyepanda basi la usiku kwenye njia hii, aniandikie lilisimama wapi na kwa muda gani, kwa sababu dada anataka kuja Lisbon mwezi wa nane na watoto wawili, na ndege za mwezi huo tayari zimepita euro 150 kwa mtu mmoja.